Funguo za Kabati la Dawa: Wauguzi na Hatari ya Uraibu

Uraibu, yaani hali ya mtu kushindwa kuacha kileo au dawa hata anapoona wazi kwamba inamdhuru, humwingia muuguzi kwa milango ile ile unayomwingilia mtu mwingine yeyote: ulevi katika ukoo, kuanza kunywa ujanani, sonona, au majeraha ya moyoni ambayo hayakupata tiba. Hata hivyo, kazi yake humfungulia milango mingine ambayo jirani yake wa mitaa ya Nairobi kama Buruburu, Kayole au Dandora haijui, na mikubwa kati ya hiyo ni ukaribu na dawa, uchovu wa zamu na ujuzi unaomfanya ajiamini kupita kiasi.

Katika wadi, dawa kali za kutuliza maumivu kama mofini na pethidini hufungiwa ndani ya kabati ambalo wauguzi wa Kenya huliita kabati la DDA, jina lililobaki kutokana na sheria ya zamani ya dawa za hatari, ingawa sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1994. Kila kichupa kinachotolewa huandikwa katika daftari pamoja na jina la mgonjwa, kipimo, saa na sahihi za watu wawili. Kichupa chenye miligramu 100 kinapofunguliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 50, nusu iliyobaki hupaswa kumwagwa mbele ya shahidi; lakini pale muuguzi anapoachiwa wadi nzima usiku peke yake, sahihi ya pili huweza kutiwa asubuhi na mtu ambaye hakuona chochote, na hapo ndipo ulinzi wote unapovunjika.

Uchovu nao una historia yake. Hospitali za umma za Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, kama Pumwani iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya akina mama wanaojifungua na Mama Lucy Kibaki iliyofunguliwa mwaka 2011, huhudumia mitaa yenye watu wengi mno, na malalamiko ya wauguzi kuhusu malipo yalizaa mgomo wa mwaka 2017 ulioanza Juni ukaisha Novemba. Mshahara usipotosha, muuguzi hutoka zamu ya usiku akaingia zahanati ya kibinafsi kwa kazi ya lokamu, yaani kibarua cha kujaza nafasi ya mwingine, kisha akifika nyumbani majirani humbishia mlango wakiomba awachome sindano au amtazame mtoto mwenye homa. Anayetafuna muguka ili asisinzie kazini huhitaji kidonge cha usingizi mchana, na mwili unapokizoea kidonge hicho hudai kipimo kikubwa zaidi ili kupata usingizi ule ule.

Ujuzi, ambao ungepaswa kuwa kinga, hugeuka mtego, kwa sababu anayejua kipimo cha kila dawa huamini kwamba ataweza kujitibu na kuacha wakati autakao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliohusisha wauguzi zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba aina ya kazi pia ina uzito wake: ikilinganishwa na wauguzi wa afya ya wanawake, watoto na tiba za kawaida, wale wa dharura walielekea kutumia bangi au kokeini mara 3.5 zaidi, na wale wanaohudumia wagonjwa wa saratani walielekea kunywa pombe kupindukia mara mbili zaidi.

Dalili huonekana mapema kwa anayetazama vizuri: muuguzi anayependa mno kushika funguo, anayejitolea kila mara kwa zamu za usiku, ambaye wagonjwa wake hulalamika kwamba sindano haikutuliza maumivu. Wenzake humfichia kwa huruma, naye hujificha kwa hofu ya kupoteza leseni yake, na katika kimya hicho wanaoumia ni wawili, yeye na mgonjwa aliyenyimwa dawa yake. Jimbo la Florida nchini Marekani lilianzisha mwaka 1983 mpango wa kumwondoa muuguzi mraibu kazini kwa muda, kumtibu na kumrejesha chini ya uangalizi, badala ya kumfukuza moja kwa moja.

Njia hiyo inafaa Kenya pia. Wasimamizi wa hospitali wahakikishe shahidi wa pili yupo kila kichupa kinapofunguliwa, serikali iajiri wauguzi wa kutosha, na Baraza la Wauguzi limpe nafasi ya tiba anayejitokeza mwenyewe kabla ya kuadhibiwa. Muuguzi aliyekwisha kunaswa asisubiri: Nacada, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192, na Hospitali ya Mathari hutibu waraibu. Uraibu ni ugonjwa wenye tiba, na anayewauguza wengine ana haki ya kuuguzwa.