Confucius, ngitili na matimba ya Geita

Tangu 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vina Taasisi ya Confucius, yenye jina la mwanafalsafa wa kale wa China. Wanafunzi wanajifunza Kichina, na ni jambo jema. Ila anayetaka kujua mawazo ya mzee yule yalivyovuka hadi karne ya 20, amtafute mwanafalsafa wa China Liang Shuming.

Mwaka 1919 vijana wa Beijing walimtwika Confucius lawama za unyonge wa China. Liang alimtetea, lakini hakuishia darasani. Mwaka 1924 aliacha kufundisha chuo kikuu Beijing, na 1931 akahamia Zouping, jimboni Shandong. Huko alifufua mkataba wa kijiji wa karne ya 11, wanakijiji wakiahidiana kusaidiana na kuonyana, akaufunga na shule na ushirika wa pamba. Uvamizi wa Japan wa 1937 ukaikatiza kazi hiyo.

Msukuma hahitaji mkalimani hapo: kwao pia wanakijiji hujiwekea kanuni na kuzisimamia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ardhi ilikuwa imekwanguka: vichaka vilifyekwa tangu ukoloni kufukuza mbung'o, pamba ikafuata, kisha vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu. Kilichoiokoa zaidi ni ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua. Kiangazi kikikaza na kwingine kote ni vumbi, humo nyasi bado zimesimama, na wanaotangulizwa ni maksai wa plau na ndama. Mara nyingi hakuna uzio. Mpaka unajulikana, na anayeuvunja hutozwa faini na dagashida, baraza la jadi. Ngitili zilizorekodiwa 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita 300,000.

Tusipambe mno. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, katika miaka ya 1980 walibana wezi wa ng'ombe, lakini baadhi yao waliwafukuza vikongwe walioitwa wachawi. Hata vijana wa 1919 walikuwa na hoja: jina la Confucius lilikuwa limetumika kuwakandamiza wanawake. Anayerithi lazima apepete.

Sasa tuupeleke urithi huo uliopepetwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Kila duara, yaani shimo, la mchimbaji mdogo linataka matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na magogo hayo yanatoka porini. Wenyeviti wa vijiji, kabla ya msitu wa mwisho kushuka shimoni, iteni dagashida: mpange nani akate, akate wapi, na apande nini.