Kupima Upendeleo wa Sampuli Isiyochaguliwa kwa Bahati Nasibu

Mchunguzi wa lugha angojeaye wenye hiari waje kujibu maswali yake, huenda akakusanya majibu mengi mno na bado asiijue lugha ya watu. Wingi wa majibu si hoja. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi zaidi ya milioni 10, likapata majibu yapatayo milioni 2.3, likatabiri kwamba Landon ndiye atakayeshinda urais. Akashinda Roosevelt, kwa kura kama 61 katika kila 100. Anwani nyingi zilitolewa katika orodha za wenye simu na motokaa. Tena waliorudisha karatasi hawakulingana na wasiorudisha.

Je, kosa la namna hiyo lapimika? Mwaka 2018 Xiao-Li Meng, mwanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kwamba kosa la wastani ni zao la mambo matatu: uwiano baina ya kujibu na jambo linaloulizwa, mkengeuko sanifu wa jambo hilo, na kipeuo cha pili cha idadi ya wasiojibu ikigawanywa kwa waliojibu.

Natutoe mfano wa kubuni. Mji una watu 1,000,000, na nusu yao hutumia neno fulani. Watu 100,000 wajibu kwa hiari, na uwiano ni 0.05 tu. Mkengeuko ni 0.5, wasiojibu ni mara 9 ya waliojibu, na kipeuo chake ni 3. Zao ni 0.075: badala ya watumiaji 50 katika 100, twahesabu 57 na nusu. Watu 44 tu waliochaguliwa kwa bahati nasibu wangetupa, kwa kadiri, kosa la ukubwa huo huo.

Ugumu ni kwamba uwiano huo hauonekani, maana wasiojibu hatuna habari zao. Yatupasa basi kulinganisha sifa zijulikanazo katika sensa, kama umri na elimu, na sifa za waliojibu. Sifa ikifungamana sana na neno tunalolichunguza, tofauti yake hutufunulia upendeleo. Isipofungamana, ulinganifu wake si ushahidi wa usalama. Ndiyo maana Roderick Little na wenzake walipendekeza kipimo kitoacho si jibu moja bali mipaka: upendeleo ukitegemea sifa zijulikanazo pekee, na ukitegemea jambo lenyewe.

Kwa hiyo adaiye kwamba neno fulani latumiwa na wengi, hana budi kueleza waliojibu walipatikanaje, kabla neno hilo halijaingizwa katika kamusi.