Kabati Kuukuu Kuwa Nyumba ya Nyoka: Mbao Si Kazi, Kazi ni Joto

Siku hizi kwenye simu za vijana wetu zinazunguka video za watu wa Uingereza na Marekani wakigeuza kabati la nguo au la televisheni kuwa nyumba ya nyoka wa kufuga. Kwa sisi tunaokimbilia rungu tukisikia neno "nyoka", ni jambo la kustaajabisha. Lakini lina elimu ndani yake, na lina upande wa sheria ambao kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu anafaa kuujua kabla hajapiga msumari wa kwanza.

Miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana huko ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na nyoka wa mahindi wa kusini mashariki mwa Marekani. Wote hawana sumu, na wengi hawazidi mita 1.5. Kabati lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60 humtosha nyoka mmoja. Wawili hawawekwi pamoja.

Mbao hupendwa kwa sababu hushika joto kuliko kioo. Hata hivyo, si kila kabati linafaa. Mengi ya kisasa ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ukipata unyevu huvimba na kumeguka. Kwa hivyo mafundi huziba viungo vyote kwa silikoni, kisha hupaka vanishi ya maji ndani na kuacha mlango wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Kabati lililokaa na naftalini za kufukuzia nondo ni la kuachwa. Harufu ile hunywewa na mbao, na ni sumu kwa kiumbe anayefungiwa humo usiku na mchana.

Sasa tuje kwenye joto. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Porini akisikia baridi huota jua, akizidiwa huingia shimoni, na bila joto la kutosha hata chakula alichomeza hakisagiki. Ukimfungia ndani ya kabati umemnyima jua na shimo, basi ni juu yako kumpa vyote viwili. Kwa chatu huyo, upande mmoja wa kabati huwekwa nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Kila upande huwekwa pa kujificha, na bakuli la maji lisikose.

Chombo cha joto lazima kipitie thamostati, yaani kifaa kinachozima na kuwasha umeme joto linapofika kiwango. Bila hicho, nyoka anaweza kuungua na nyumba ikashika moto. Taa nayo hufunikwa kwa wavu wa chuma, kwa kuwa nyoka hujizungusha kwenye taa ya moto mpaka ngozi ikababuka.

Hewa hupitia matundu mawili yenye wavu, moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili. Milango ya mbao hutolewa, vikawekwa vioo vigumu vya kutelezesha vyenye kufuli, maana nyoka hupenya kwenye upenyo mdogo ajabu. Kisha kabati huwashwa tupu kwa wiki moja, vipimajoto vikisomwa asubuhi na usiku, ndipo mnyama aingizwe.

Hapa ndipo Uislamu unapotuhusu. Twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nyoka hawa huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Anayemtia kabatini kwa ajili ya video ya siku moja amejitwika amana ya miaka 20.

Kwetu Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyamapori bila kibali, na nyoka ni mnyamapori. Kumshika chatu shambani Kilifi ukamtia kwenye kabati la bibi ni kosa, hata ukimtunza vizuri. Pia ni hatari: asiyewajua nyoka ni rahisi kumdhania moma kuwa chatu mdogo, na moma ana sumu kali.

Kijana mwenye hamu ya kuwajua nyoka na aende Bio-Ken kule Watamu, kituo kilichoanzishwa na marehemu James Ashe mwaka 1980, awaone na kuwauliza wenye ujuzi. Akiona nyoka nyumbani, asimguse. Awaondoe watoto, asimame mbali, na awaite maafisa wa KWS.