Je, Wajua? Bunduki ya Marekani, Mitutu ya Ubelgiji

Bunduki nyingi za marisau za mitutu miwili zilizoundwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 zilifungwa mitutu kutoka Ubelgiji. Hata Parker Brothers, kampuni mashuhuri ya Meriden, Connecticut, iliagiza mitutu ya damaski ng'ambo.

• Mitutu hiyo ilifuliwa kwa mkono karibu na mji wa Liège. Fundi alisokota pamoja vipande vya chuma na feleji, akavizungushia fimbo, kisha akavigonga vikiwa vya moto hadi vikashikana. Mawimbi mazuri yanayoonekana juu ya mtutu ni alama za msokoto huo.

• Bunduki za bei nafuu za Ubelgiji ziliuzwa Marekani kwa majina ya Kiingereza. Jina "W. Richards" liliiga Westley Richards wa Birmingham. Muhuri mdogo ndio uliotoboa siri: herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai, alama ya kituo cha majaribio cha Liège.

• Mmarekani John Browning, mbuni wa bunduki, alifariki Liège mwaka 1926, akiwa kazini katika kiwanda cha bunduki. Miongoni mwa miundo yake ya mwisho ilikuwa Superposed, bunduki yenye mtutu mmoja juu ya mwingine. Mwanawe, Val, aliendeleza kazi hiyo.

• Kampuni ya Remington ilinunua Parker mwaka 1934, na utengenezaji ukakoma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miaka ya 1980 bunduki za Parker zilianza kuundwa tena kwa ajili ya wanunuzi wa Marekani. Kiwanda kilikuwa Japani.