Modemu na Ruta: Malango Mawili katika Ofisi Moja



Ofisi ya tawi inapoingiziwa intaneti, kampuni huleta modemu yake. Waifai isipofika chumba cha nyuma, kamati hukusanya pesa, hununua ruta mjini, na fundi huichomeka kwenye modemu. Siku ya kwanza taa zinawaka, kurasa zinafunguka, kila mtu anafurahi. Malalamiko huja baadaye. Kompyuta ya katibu katika chumba cha mbele, iliyoshika waifai ya modemu, haiioni printa ya chumba cha nyuma. Kamera ya mlangoni haionekani kutoka mbali. Kikao cha simu na wenzetu wa mashamba ya chai ya Teza au Rwegura kinakatika, au sauti inasikika upande mmoja tu. Kamati hudhani ruta ni mbovu, na ada za wanachama hutoka tena kununua nyingine. Mara nyingi ruta ni nzima. Kasoro iko katika namna ya kuunganisha, na kuiondoa kwa kawaida hakuhitaji kununua kitu.

Kila mashine katika intaneti huhitaji anwani ya namba. Anwani za mtindo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takribani bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote mwezi wa Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja ya nje, na mashine zake hupewa namba za ndani zinazoanza na 10, au 192.168, au zilizo kati ya 172.16 na 172.31. Kazi ya kubadili namba ya ndani iwe ya nje huitwa NAT.

Tufikirie mlinzi wa lango la kiwanda. Mfanyakazi akipeleka barua, mlinzi huandika daftarini nani ameituma, na barua hutoka kwa anwani ya kiwanda. Jibu likirudi, anatazama daftari na kumpelekea mwenyewe. Lakini mgeni asiyetazamiwa akibisha hodi, daftari halina jina lake, naye anarudishwa. Sasa weka lango la pili ndani ya lile la kwanza, lenye mlinzi mwingine na daftari jingine. Barua zitatoka na majibu yatarudi, ndiyo maana kurasa zinafunguka. Ila hata mlinzi wa kwanza akiagizwa kumpokea mgeni, wa pili atamzuia. Na aliye kati ya malango mawili, kama katibu wetu, hawezi kumfikia aliye ndani kabisa. Mambo huharibika zaidi walinzi wote wawili wakigawa namba zilezile, kwa mfano 192.168.1: hapo hata kurasa huweza kugoma.

Kupima ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani iliyopokea upande wa intaneti. Ikiwa ni mojawapo ya namba za ndani nilizotaja, una malango mawili.

Kwa ofisi ndogo napendelea kuivua ruta kazi ya ulinzi, ibaki kusambaza waifai tu. Ruta nyingi zina chaguo lililoandikwa AP, na hilo linatosha. Kama halipo, ipe ruta anwani isiyotumiwa na kifaa kingine katika mtandao wa modemu; ikiwa modemu ni 192.168.1.1, ruta iwe 192.168.1.2. Zima ugawaji wa anwani, yaani DHCP. Hapo tu ndipo uhamishe waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu la LAN. Ukianza na waya, mashine mbili zitagawa namba kwa pamoja na ofisi nzima itavurugika.

Njia nyingine ni kuigeuza modemu kuwa daraja. Ukurasani huandikwa »bridge« au »pont«. Inafaa pale ruta yenu ni bora kuliko modemu. Lakini kabla ya kugusa kitu, iulize kampuni kama muunganisho una jina na neno la siri, kwani vitahitajika kwenye ruta. Waifai ya modemu kwa kawaida itazimika. Kampuni nyingine hazimruhusu mteja kubadili modemu; basi mwite fundi wao. Na umeme ukikatika, jambo tulilolizoea Bujumbura, washa modemu kwanza, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta.

Baada ya kazi, tazama tena anwani ya upande wa nje, safari hii kwenye mashine iliyobaki langoni. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, kuna lango jingine katika kampuni yenyewe. Namba hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hakuna ruta ya dukani itakayoliondoa. Kurasa na vikao vya simu kwa kawaida vitaendelea, bali kamera haitafikiwa moja kwa moja kutoka nje mpaka kampuni iwape anwani ya wazi. Mara nyingi hiyo hulipiwa, hivyo ulizeni bei kabla ya kutia sahihi.