Wingi wa Watu Hautoshi Kuwa Mji

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, kando ya Nairobi. Kisumu, jiji la bandari kwenye Ziwa Viktoria, lilikuwa na watu 397,957. Ruiru imeipita Kisumu kwa watu zaidi ya 90,000, lakini Kisumu ndiyo inayovuta wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara kutoka kaunti za jirani. Ruiru hupeleka watu wake Nairobi.

Uganda hali ni hiyo hiyo. Katika sensa ya 2014, Nansana, pembezoni mwa Kampala, ilikuwa na watu zaidi ya 360,000, na Jinja ilikuwa na takriban 73,000. Julai 2020 serikali ilipotangaza majiji mapya, Jinja ilikuwemo. Nansana ilibaki manispaa. Jinja ina viwanda, ina bwawa la umeme la mwaka 1954 pale Mto Nile unapoanzia, na ndiyo soko la Busoga nzima. Nansana ina nyumba nyingi, na wengi wa wanaolala humo wanafanya kazi Kampala.

Mifano hii inatuhusu sisi wa mwambao wa teritori ya Fizi, Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika, kuliko tunavyodhani. Tangu Baraka ipewe hadhi ya mji, kila kituo cha ziwani kinajiuliza zamu yake itafika lini, na mazungumzo huanza na kuisha kwa hesabu ya watu. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haituelezi mahali fulani pana kazi gani katika nchi; kwa hilo tunahitaji vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni mwendo wa asubuhi. Wataalamu wa mipango miji huhesabu wanaoingia mahali na wanaotoka kila siku ya kazi. Kitongoji, hata kiwe na watu nusu milioni, kinatoa wengi kuliko kinavyopokea. Mji unapokea. Mesa, katika jimbo la Arizona huko Marekani, ilikuwa na watu 504,258 mwaka 2020, zaidi ya Minneapolis yenye 429,954. Mesa ina meya, ina baraza, na kisheria ni mji kamili. Hata hivyo ilikua kama pembezoni mwa Phoenix, na mpaka leo inahesabiwa ndani ya eneo la Phoenix. Minneapolis ni kitovu cha eneo lake.

Kipimo cha pili ni huduma zinazowafikia walio nje. Mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller aliliweka wazi jambo hili mwaka 1933, alipochunguza miji ya kusini mwa Ujerumani. Aliona kwamba uzito wa mahali hautokani na idadi ya wakazi wake, unatokana na kile ambacho mahali hapo panawapa watu wa maeneo yanayopazunguka kupita mahitaji ya wenyeji wenyewe. Duka la chumvi na sabuni linaishi kwa wateja wa mtaa mmoja. Daktari mpasuaji, benki, ghala la vipuri vya injini na mahakama vinahitaji wateja wa vijiji vingi. Penye huduma kama hizi pana mji, na penye maduka ya sabuni peke yake, hata yawe elfu moja, pana makazi tu.

Kipimo cha tatu ni mamlaka na hazina. Kwetu Kongo, sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema mji ni kila makao makuu ya jimbo, na pia makazi yoyote yenye watu wasiopungua 100,000, yenye vifaa vya umma na miundombinu ya uchumi na jamii, ambayo Waziri Mkuu ameyapa hadhi hiyo kwa amri yake. Komini ni makao makuu ya teritori, au sehemu ya mji, au makazi yenye watu wasiopungua 20,000 yaliyopewa hadhi hiyo kwa amri. Ndiyo maana Fizi-Centre, iliyo ndogo kuliko Baraka, ina haki ya kuwa komini kwa sababu tu ni makao makuu ya teritori. Mji, komini, sekta na uchifu vina utu wa kisheria na hazina yake. Kartiye (mtaa) na kijiji havina. Kartiye inaweza kujaa watu kushinda sekta nzima, na bado isiwe na hata faranga moja ya bajeti yake.

Hazina hiyo si jambo dogo. Katiba, katika ibara ya 175, inayapa majimbo 40% ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 inavipa miji, komini, sekta na uchifu 40% ya fungu hilo la jimbo. Malalamiko kwamba fedha haziji kama zilivyoandikwa yanasikika kila kona ya nchi. Lakini mwenye hadhi ana la kudai. Asiye na hadhi hana hata mahali pa kupeleka dai lake.

Wasomaji wengi wa Fizi wameishi mahali panapothibitisha haya yote. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kwa miaka mingi imekuwa na watu zaidi ya 100,000. Kwa idadi peke yake ingetimiza sharti la sheria yetu. Ina shule, zahanati, makanisa, misikiti na mafundi wa kila aina. Hata hivyo mkazi wake hatoki bila kibali, hana hati ya kiwanja, na uamuzi kuhusu soko analouzia unatoka nje ya kambi. Watu wamejaa, na mji haupo. Waliorudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005 walileta Baraka ufundi na biashara walizojifunza huko, na hapo ndipo ujuzi huo ulipopata nafasi ya kujenga mji.

Baraka ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya mwaka 2013, pamoja na Uvira na Kamituga. Ina sifa za kweli za kitovu: soko, bandari, hospitali, na barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kuelekea Kalemie. Lakini inakabiliwa na hatari ya kuwa kitongoji kikubwa kisicho na jiji. Wakimbizi wa Burundi waliwekwa Lusenda kuanzia 2015 na baadaye Mulongwe, waliohamishwa na vita wanaongezeka, na nyumba zinajengwa mbele ya barabara na mabomba. Kipindupindu kinachorudi kila mara katika mwambao wetu kinafuata msongamano usio na maji safi. Hadhi iliyoandikwa Kinshasa haichimbi mtaro wala haileti kazi.

Kazimia, kusini mwa rasi ya Ubwari, ina hali ya kinyume. Ni ndogo, wala sheria haiiti mji. Lakini si pembezoni mwa mahali popote. Wavuvi wanaleta ndagala na mikebuka, wakulima wa bara wanashuka na muhogo na mahindi, na boti zinaunganisha soko lake na mwambao mzima wa ziwa. Kwa kipimo cha Christaller, Kazimia ina moyo wa mji ambao vitongoji vyenye watu laki kadhaa havina: inawahudumia wasio wakazi wake.

Moyo huo unaweza kukuzwa. El Alto, huko Bolivia, ilianza kama makazi ya maskini juu ya bonde la La Paz. Ilijitenga kiutawala, ikatambuliwa kuwa jiji mwaka 1988, na katika sensa ya 2012 ilikuwa na watu zaidi ya 840,000, ikiwa na soko lake kubwa na viwanda vyake. Ilipata mamlaka pamoja na kazi.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa sekta na wazee wa Kazimia wayafanye mambo matatu kabla ya kuandika barua ya kuomba hadhi. Kwanza, wapime na kulinda ardhi ya soko, ya gati na ya barabara sasa, maana nyumba ikishajengwa juu yake, kuirudisha kunagharimu fedha na ugomvi. Pili, waandike takwimu za wanaoingia: boti ngapi, wachuuzi kutoka wapi, wagonjwa kutoka vijiji gani. Tatu, kodi ya soko itangazwe hadharani, ikusanywe kwa risiti, na sehemu yake ionekane ikirudi sokoni kwa vyoo, maji na paa. Mahali panapofanya hivyo panajenga mji hata kabla amri haijasainiwa. Amri ikija bila hayo, itatuachia meya na muhuri, na akina mama wataendelea kuchota maji ya ziwa.