Posho ya mtoto na kampuni ya mzazi: hesabu ya mfanyabiashara wa Niemba

Mfanyabiashara wa Niemba mwenye watoto wadogo hulipia malezi yao mara mbili: kwa franka anazomtolea mlezi, na kwa siku za kazi anazozikosa. Treni ya SNCC, shirika la reli, ikiingia kituoni, mama mwenye magunia ya mahindi au mafuta ya mawese hana nafasi ya kumbembeleza mtoto kwanza. Ndiyo sababu wazazi wengi wanaojitegemea huuliza kama kufungua kampuni, SARL yenye karatasi zake zote, kutawapa watoto wao ile posho wanayopata watoto wa wafanyakazi wa mishahara.

Jibu ni ndiyo, lakini ndiyo yenye bei.

Posho za familia hapa Kongo ziko mikononi mwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ule uliokuwa ukiitwa INSS. Sisi wa Katanga ya zamani tuna historia nayo: kabla ya sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, tawi la posho za familia lilifanya kazi Katanga tu, na mkoa wetu wa Tanganyika ulikuwa bado ndani yake mpaka mikoa ilipogawanywa mwaka 2015. Sheria hiyo mpya ililipeleka tawi hilo nchi nzima. Mlango wake, hata hivyo, haukubadilika: ni mshahara. Anayeuza samaki kwa patente yake, yaani leseni ya biashara ndogo, au aliyejiandikisha kama mjasiriamali mdogo kwa taratibu za sheria za biashara za OHADA, hana mwajiri wa kumchangia, kwa hiyo watoto wake hawamo. Faida anayopata mwisho wa mwezi, hata iwe kubwa kuliko mshahara wa mwalimu, haihesabiwi.

Mwenye kampuni anaweza kuingia, kwa sharti kwamba kampuni imlipe mshahara wa kweli, wenye mkataba, unaotangazwa CNSS kila mwezi, na usioshuka chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali. Mchango wote ni 18% ya mshahara: 13 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Tuseme umejipangia franka 600.000 kwa mwezi. Kampuni inatoa 78.000, wewe unakatwa 30.000, jumla 108.000. Ndani ya fedha hizo, tawi la familia linachukua 39.000, ajali na magonjwa ya kazini 9.000, na pensheni 60.000. Kwa mwaka mzima ni franka 1.296.000. Mfanyakazi wa kampuni ya mtu mwingine anaziona zile 13% kama zawadi ya bosi. Wewe ndiye bosi, na zote zinatoka kwenye sanduku lako lilelile. Juu ya hizo kuna kodi ya mishahara, IPR, na sehemu za INPP (mafunzo ya ufundi) na ONEM (ofisi ya ajira), bila kusahau mtu wa kuandika vitabu vya hesabu na safari za Kalemie kupeleka karatasi.

Sisemi fedha hizo zimepotea. Pensheni ni yako, na mzazi anayefikiria uzee wake ana haki ya kuitaka. Lakini kama shabaha yako ni mtoto wa miaka miwili aliyeko mgongoni leo, kabla ya kusaini chochote nenda ofisi ya CNSS ukaulize mambo mawili: posho ni kiasi gani kwa mtoto mmoja, na malipo ya mwisho kwa familia za Kalemie yalitoka lini. Zidisha kiasi hicho kwa idadi ya watoto wako, kisha kiweke kando ya mchango wako wa mwezi. Mwenye watoto sita na mshahara wa chini atapata jibu tofauti na mwenye mtoto mmoja.

Ndugu walioko Uingereza wakikuambia kwamba huko kampuni inasaidia, wasikilize mpaka mwisho. Huko serikali hulipia saa 30 za chekechea kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, kwa mzazi afanyaye kazi ambaye mapato yake yanafika angalau saa 16 za kima cha chini kwa wiki. Mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe anayejilipa kwa gawio badala ya mshahara hujikuta nje, maana gawio halihesabiwi. Kwa mwenye kampuni, mlango ni uleule wa mshahara. Tofauti ni kwamba wao wakishaingia wanapata mahali pa kumwacha mtoto. Sisi tunapata posho tu, na mlezi bado tunamtafuta wenyewe.

Basi tumtafute. Shule ya msingi ya serikali haina ada tangu Septemba 2019, lakini huanza mtoto akiwa na miaka 6. Kabla ya hapo, kuna nkambo, yaani bibi au babu, ambaye watu humhesabu kuwa bure. Si bure: anakosa shamba lake, na mtoto anayetambaa anamchosha. Mpe kitu kila wiki, kwa kiasi mlichopatana. Kuna binti wa kazi, ambaye mara nyingi ni mtoto aliyetolewa shuleni. Hapo gharama anailipa yeye, kwa miaka yake ya masomo, na mimi siwezi kuishauri njia hiyo kwa mzazi yeyote.

Kuna tena espace communautaire d'éveil, ECE, nafasi inayoendeshwa na jamii yenyewe kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, chini ya mama walezi waliofunzwa kidogo. Kwa mfanyabiashara mdogo naiona kuwa chaguo bora. Chukua zile 108.000 za mfano wetu. Wazazi watano wa AVEC moja (kikundi cha kuweka na kukopa) au likelemba moja (mchango wa zamu) wakitoa robo yake tu kila mmoja, yaani 27.000, wanapata 135.000 kwa mwezi za kuwalipa mama wawili, na uji wa watoto ukatoka kwenye unga wa kila nyumba. Wanaonyonya hawafai kuchanganywa humo. Hao wabaki na nkambo mpaka wafike umri.

SARL iachiwe aliyekwisha kuwa na wafanyakazi na mikataba inayoidai. Huyo analazimika kuwaandikisha CNSS kwa vyovyote, na akijiandikisha na yeye, posho ya wanawe inamfikia njiani.